Tawi la Miiba Mlangoni kwa Floris Balie

Kabla hajawa kornet, yaani mkuu wa kata, kabla watu hawajaanza kumfuata kila asubuhi na kumkuta kwenye kiti chake cha ngozi, kikombe cha kahawa kikiwa gotini, Floris Balie alikuwa mwanamume wa gari moja la ng'ombe na mke asiyecheka. Rakel alikuwa akicheka zamani. Kicheko chake kilibaki mlimani.

Watu wake, Wagriqua, wa rika lile wote walipita mlimani. Katika nchi ya zamani, ng'ambo ya mto, Makaburu walikuwa wamewamaliza kwa kuwanunulia shamba baada ya shamba, leo kwa pipa la brandi, kesho kwa mkokoteni mpya wenye rangi, mpaka Kapteni, mkuu wao, akasema wafunge magari wavuke mlima waende kwenye nchi isiyo na mwenyewe. Njia hawakuikuta, waliichonga. Kwenye miteremko walifunga magogo nyuma ya magari ili yasiwakimbilie ng'ombe, na bado mengine yaliwakimbilia. Halafu theluji ikawakuta huko juu. Ng'ombe walikufa wamesimama, macho wazi.

Mtoto mchanga wa Rakel, wa kiume, hata kanisani hajapewa jina, alikata roho kifuani mwa mama yake. Ardhi ilikuwa ngumu kama chuma. Floris akamfunika kwa mawe kando ya njia. Kulipokucha theluji ilikuwa imelifunika kila rundo la mawe, na yalikuwa mengi, na hakuna aliyeweza kusema lipi ni la nani.

"Floris," alisema Rakel, "huyu ndiye wa mwisho kumwacha njiani. Nikizika tena, ninakaa hapohapo. Umenisikia?"

"Nimesikia, mke wangu," alijibu Floris, kama mwanamume anavyojibu huku bega lake liko kwenye gurudumu.

Chini upande wa pili walikuta majani marefu na maji katika kila bonde. Floris alitangulia na bunduki kukagua. Chini ya jabali moja alikuta mkeka mpya wa matete, na ukutani swala waliochorwa kwa rangi nyekundu, na jiko la mawe matatu. Akatia mkono kwenye majivu. Yalikuwa bado na joto. Akapangusa mkono kwenye suruali, akatoka kwa wenzake waliokuwa wakingoja juu ya farasi.

"Hakuna mtu," alisema.

Wakarusha kofia juu. Ndivyo bonde la Vaalkloof lilivyopata wenyewe.

Mashamba yaligawanywa kwa farasi. Kigingi kilipigwa pale mtu alipotaka kujenga, kisha mpanda farasi akatoka hapo kuelekea kila upande, nusu saa kwa nusu saa, farasi akitembea, si kukimbia. Pale nusu saa ilipoishia wakarundika mawe, huo ndio mpaka. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea mwendo wa farasi na moyo wa aliyempanda. Mwanzoni watu walijipimia wenyewe, na ukapita mwezi wa kupigana ngumi, maana kila mtu farasi wake alikuwa na "kutembea" kwake. Ndipo wakamwendea Floris. Alikuwa na jike la kijivu lenye jicho moja, jina lake Blom, lililokuwa na mwendo mmoja tu duniani, na hakuna kiboko wala sukari iliyoweza kuubadilisha.

Siku ya kumpimia Isak Draai, Isak alitembea kando ya farasi akilalamika njia nzima. Isak alikuwa mdogo kwa Floris, mrefu, mwembamba, ulimi wake hauna mlango; alimwita Floris Oom, yaani mjomba, kama vijana wote.

"Oom Floris, huyu ni farasi au bibi harusi anaingia kanisani? Mpe teke moja! Moja tu, kwa ajili ya wajukuu zangu!"

"Wajukuu zako watapata alichopata kila mtu."

"Wajukuu zangu watakufa njaa kwa sababu ya farasi chongo!"

"Kwanza tafuta mke, Isak. Wajukuu hawaoti kama uyoga."

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo, na Isak naye akacheka. Mwaka uleule wakamchagua Floris kuwa kornet wa Vaalkloof, mpimaji wa mashamba, mwamuzi wa kesi za ng'ombe na za ndoa, mwenye kuwaita wanaume ikija vita. Baadaye alikaa kwenye baraza la Kapteni, na ni yeye aliyesimama akitaka iwe sheria kwamba asionekane Mgriqua anamuuzia mgeni ardhi, hata kipande cha kufugia kuku. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, na katika zama zile hayo mawili yalitosha kumweka mtu juu ya wengine. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo wote waliijua na kumsamehe: yeye aliweza kumtania mtu, lakini hakuvumilia kuchekwa.

Alijenga nyumba ya mawe karibu na chemchemi ya matete. Hapo Rakel akazaa binti, Dortea, na kwa miaka michache katika nyumba ile zilisikika sauti. Dortea alifika umri wa kukamua ng'ombe peke yake, ndipo homa ikamchukua. Walimzika juu ya chemchemi, kwenye kaburi lenye jiwe na jina. Tangu siku ile Rakel alifika pale kila asubuhi kabla ya kahawa, ang'oe jani moja, asogeze kokoto, arudi. Hakulia. Alikwenda tu, kama mtu anavyokwenda kuangalia maziwa jikoni.

Huko juu majira ya baridi si ya ng'ombe. Kila mwaka majani yalipogeuka rangi ya mchanga, Vaalkloof yote ilishuka na mifugo mpaka mabonde ya joto upande wa bahari, ikarudi wakati wa mvua za kwanza. Nyumba hazikufungwa kwa kufuli. Zilifungwa kwa tawi. Kila mwenye nyumba alikata tawi la mti wa miiba huko mabondeni, akalipandisha juu kwenye gari, akalihifadhi, na siku ya kushuka akalilaza kwenye kizingiti cha mlango. Juu kule mti wa miiba haumei, kwa hiyo tawi halikuweza kufika mlangoni kwa upepo. Aliyeliona alijua kwamba mwenyewe yupo, amefuata majani tu. Hata wezi wa farasi waliliheshimu. Rakel naye alikuwa akishuka kila mwaka kama wengine, lakini baada ya Dortea alishuka akiangalia nyuma.

Kisha Kapteni akafa bila mtoto, na serikali ya wazungu ikapanda kutoka pwani na bendera na hakimu, kama mtu anayekuja kurithi kwa mjomba ambaye hakumtembelea akiwa hai. Baada ya mwaka akaja afisa wa ardhi. Alikuwa kijana wa masikio mekundu, mwenye adabu zake. Alikaa mezani kwa Floris, akanywa kahawa, akala mkate uliookwa juu ya makaa, akausifu. Kupitia kwa mkalimani akaeleza kwamba atapita katikati ya baridi, nyumba kwa nyumba, kuona nani anakaa wapi. Anayekaa ataandikiwa shamba lake. Lisilo na mtu ni la serikali.

"Mwambie wakati huo tuko chini na ng'ombe," alisema Floris. "Mwambie mlangoni tunaweka tawi. Tawi ni sisi."

Alimpeleka mpaka banda la gari, akamwonyesha tawi la mwaka ule, kavu, miiba yake mirefu kama sindano za kushonea magunia. Mkalimani akaeleza. Afisa akacheka kidogo, akatikisa kichwa juu na chini, akasema, "Ndiyo, ndiyo," kisha akaomba kahawa nyingine.

Sasa, kwa watu wetu, mtu akinywa kahawa yako mezani pako na kukubali jambo, jambo hilo limekwisha. Halihitaji karatasi. Mtu wa kudai karatasi baada ya kahawa alionekana amemtukana mgeni. Floris alikuwa ameendesha kata nzima kwa miaka kwa kahawa, na haikumwangusha hata mara moja.

Kwenye mkutano, Isak alisimama. Sasa alikuwa na mke, na watoto, na mvi mbili tatu.

"Mimi nasema tubaki. Baridi moja tu. Tukae ndani ya nyumba zetu huyo mtu atukute tunakohoa."

"Na ng'ombe?" aliuliza Floris.

"Wafe baadhi."

"Wewe hukuona mlimani walivyokufa, Isak? Si baadhi. Wakifa ng'ombe utalima kwa meno? Utavuta gari kwa mkeo?"

"Kwa mke wangu gari litakwenda, hiyo usihofu," alisema Isak, na watu wakacheka, na mkewe akampiga kwa kofia yake ya kitambaa. Halafu akarudi kwenye hoja. "Na waachwe wachache basi, mmoja kila nyumba."

"Wale nini? Wachome nini? Kuni zenyewe hazitoshi." Floris akasimama. "Jamani. Mzungu yule amekaa kwangu. Amelishika tawi kwa mkono wake. Amesema ndiyo, na mara ya pili ndiyo. Mmewahi kuniona nawapimia vibaya?"

Hakuna aliyewahi kumwona. Tante Lys Fortuin, shangazi wa kata nzima, mjane aliyekaa shamba linalofuata lake, akasema kwa wote, "Kornet akisema tushuke, tunashuka." Hata Isak akainua mabega. Wakapatana washuke pamoja, asibaki mtu, ili ng'ombe walindwe.

Asubuhi ya safari magari yalikuwa yamepangwa barabarani, ng'ombe wamefungwa nira, wanawake wameshakaa juu na mablanketi. Floris alirudi ndani kumwita mkewe. Alimkuta anakanda unga.

"Rakel! Watu wanangoja."

"Waende salama."

"Maana yake nini, waende salama? Panda gari."

"Nilikwambia mlimani. Ulisema umesikia."

"Hiyo ilikuwa zamani. Umeshuka miaka yote hii."

"Nimeshuka, na kila mwaka narudi nikiwa natetemeka nisije nikakuta mawe tu. Nimechoka kutetemeka, Floris. Safari hii kuna mgeni atapita. Mimi namjua mgeni akipita mahali pasipo na mtu. Na wewe unamjua."

Floris alitazama mkono wake, akautia mfukoni. Alijaribu kubembeleza, kisha akafoka, kisha akamwambia watu watasema kornet hawezi hata kumpandisha mke wake kwenye gari.

"Basi waseme," alisema Rakel, akageuza kinyunga.

Nje Isak alikuwa ameshaanza. "Oom Floris! Tante anapaka poda? Au ndiyo yeye kornet siku hizi?" Vicheko vikapita kutoka gari hadi gari.

Floris alitoka uso umemwiva. Angeweza kusema ukweli pale, kwamba mke wangu hataki kuliacha kaburi la mtoto. Wengi wangeelewa, maana nao walikuwa na mawe yao mlimani. Badala yake akasema kwa sauti kavu, "Kifua kimembana. Amekohoa usiku kucha, hawezi safari. Nimempa dawa." Kicheko kikakatika. Tante Lys akashuka kwenye gari amwone mgonjwa, na Floris akamzuia: amelala, mwache. Akapanda farasi. Mlangoni kwake hakuweka tawi, kwa kuwa ndani mlikuwa na mtu. Kwenye milango mingine yote tawi lilikuwepo.

Huko mabondeni baridi ilipita vizuri. Ng'ombe walinenepa, ndama walizaliwa. Floris aliulizwa hali ya mgonjwa kila msafiri alipopita kutoka juu, na kila mara alijibu kwamba nadhani anaendelea vizuri. Uongo mdogo ukisharudiwa mara nyingi mtu huanza kuutunza kama kitu chake.

Walipopanda, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, waliona kwanza mawe ya mpaka. Yalikuwa yamepakwa chokaa nyeupe, na hayakuwa pale Blom alipoyaacha. Kisha wakaona moshi. Bomba la moshi la Isak lilikuwa likitoa moshi, na mbele ya nyumba mwanamke wa kizungu alikuwa akianika nguo za watoto. Tawi la Isak lilitupwa kando ya njia, na kuku walikuwa wakikwangua chini yake. Kwa Tante Lys ilikuwa hivyohivyo. Kwa wengine hapakuwa na watu bado, ila milango ilikuwa imepigiliwa mbao zenye namba.

 Magari yalifuatana polepole mpaka kwa kornet, kwa sababu hawakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Rakel alikuwa mlangoni, mikono yake ina unga. Alianza kueleza kabla hawajashuka. Afisa alikuja, alimkuta yeye, aliandika jina la Floris. Rakel alimtajia nyumba zote, mwenye hii fulani, mwenye ile fulani, na matawi akamwonyesha. Yule akasema anaandika anachokiona. Hapo Rakel aliacha mkate motoni, akakimbilia kwa Tante Lys kuwasha jiko, ili moshi uonekane. Ni saa nzima ya farasi, naye alikuwa mwanamke wa makamo, kwenye theluji.

"Nilifika anatoka," alisema. "Alikuwa ametia mkono jikoni kwako, Lys. Akanionyesha kiganja. Majivu baridi."

Watu walimtazama. Alikuwa amesimama wima, mashavu yamejaa, pumzi yake safi. Isak Draai akavua kofia. Safari hii hakuwa akitania.

"Tante Rakel, kifua kinaendeleaje?"

"Kifua?" Rakel alishangaa. "Kifua changu kina nini?"

 Watu wote waligeuka kumtazama Floris, naye akajua kwamba kila neno la kweli sasa lingefanana na uongo wa pili.

"Ulituambia tusibakize mtu," alisema Isak taratibu. "Wewe ukabakiza."

"Isak, nisikilize..."

"Nilikusikiliza. Kwenye mkutano nilikusikiliza. Farasi wako hakuwahi kukimbia, Oom Floris. Siku moja tu, na siku hiyo alikimbia vizuri sana."

 Tante Lys alifungua kitambaa alichokuwa amefungia mitishamba ya kifua, aliyomchumia Rakel kule mabondeni, akaiweka chini mbele ya mlango, akarudi kwenye gari.

Floris alikwenda kwa hakimu, safari ya siku nyingi. Alitaka ama wote waandikwe, ama jina lake lifutwe. Hakimu alimsikiliza kwa heshima, akamwambia kilichoandikwa kimeandikwa, na kwamba serikali ingependa mtu mwaminifu kama yeye awe mkuu wa wenyeji, kwa mshahara. Floris alikataa. Lakini habari zikatangulia kufika nyumbani kuliko yeye, na zilifika nusu: ameitwa na hakimu, amepewa cheo.

Aliita watu wote wajenge kwenye shamba lake. Zilikuja familia chache, zile zisizo na nguvu za kwenda popote. Isak alipitisha gari lake mbele ya nyumba bila kusimama, akielekea kufanya kazi ya ujira kwenye mashamba ya wengine. Mkewe alipunga mkono kwa Rakel, Isak akaushusha. Tante Lys alikufa mwaka uleule, garini mwake, kando ya barabara ya pwani. Na shamba moja halilishi mifugo ya kata nzima. Majani yaliliwa mpaka mizizi, chemchemi ikakanyagwa ikawa tope, na waliokuja wakaanza kuondoka mmojammoja. Hakuna aliyemwita Floris kornet tena. Walimwita Balie, kama mtu wa kuuza kuni.

Baridi zilizofuata hakushuka. Alikaa na mkewe, na ng'ombe wakafa zizini wamesimama, macho wazi, kama kule mlimani. Hakumlaumu Rakel. Mara moja tu alisema, wakiwa wanakunywa kahawa, "Ungepanda gari siku ile ningekuwa maskini pamoja nao."

"Ungesema ukweli siku ile," alijibu Rakel, "wangekuwa maskini pamoja na wewe."

Hawakuyarudia.

Rakel alikufa baridi ya tano, na safari hii ni kifua kweli. Jeneza Floris alilipasua kutoka mbao za gari lile lililovuka mlima. Wabebaji huwa wanne, na mjane wa kiume habebi, hufuata nyuma kofia mkononi. Walikuja watatu, wazee waliokuwa hawana la kupoteza. Wakangoja. Wakatazama barabara. Mwishowe Floris akavaa kofia yake, akashika kona ya nne.

Walimlaza karibu na Dortea, juu ya chemchemi. Wazee walikataa kahawa, walisema njia ni mbali.

Siku ya pili yake jirani mzungu, aliyekaa kwa Tante Lys, alikuwa akipita na farasi, akamwona Balie akitoka na fimbo na blanketi, hana farasi. Alikuwa ameinama mlangoni muda mrefu, akikiweka kitu sawasawa kwenye kizingiti. Kisha akashika barabara ya mabondeni, ile ya ng'ombe, ingawa ng'ombe hakuwa naye. Hakuonekana tena Vaalkloof, na alikozikwa hakujulikani.

Jirani alingoja mpaka baridi ikaisha. Alipokwenda kuiangalia ile nyumba, alikuta mlangoni tawi la miiba, la zamani sana, limekauka. Lilishika moto vizuri.